Barafu Kwenye Upenu wa Verner Hautala

Siku Doris, binti wa Verner Hautala, alipobisha mlangoni, Lempi Ruona alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka thelathini na minne. Si kwamba alikuwa akimngoja Doris, maskini ya Mungu, Doris hana kosa. Alikuwa akiingoja nyumba ile imhitaji.

Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na sita, ule mwaka theluji ya Pelkola ilipofikia masanduku ya barua ikayapita, watu wakawa wanafunga vitambaa vyekundu kwenye fimbo ili gari la kusukuma theluji lisiyang'oe. Doris aliingia akipiga miguu sakafuni, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Mama Lempi, naomba usinifukuze."

"Nikufukuze kwa lipi? Vua buti hizo, unanilowanishia sakafu."

"Ni dari ya baba. Inavuja chumbani kwake, juu ya kitanda kabisa. Tumeweka beseni la kufulia, limejaa mara mbili tangu asubuhi."

"Vigae vimepasuka?"

"Vizima. Ni barafu. Imeota upenuni, nene hivi." Akaonyesha kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. "Maji yamekwama nyuma yake."

Lempi alimimina kahawa taratibu. "Ni yeye aliyekutuma?"

Doris akainamia kikombe. "Hajui hata kama nimekuja."

"Basi nenda ukamwambie. Akisema 'mwite Lempi', kwa mdomo wake mwenyewe, nitakuja. Kunywa kahawa kwanza. Ugomvi wangu haumo kwenye kikombe chako."

Kwetu Pelkola paa likiota barafu watu hawaiti fundi kutoka mjini. Wanamwita Lempi. "Lempi wa Mapaa," wanasema, na yeye jina hilo analipenda kuliko lile alilobatizwa. Akifika hapandi ngazi. Husimama barabarani, mikono nyuma, akalitazama paa kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Theluji ikiwa imelala sawasawa toka juu hadi chini, nyumba haina ugonjwa. Lakini akiona upara mahali, theluji imeyeyuka peke yake na jua halijatoka wiki nzima, hapo anajua joto la ndani linatorokea darini. Theluji ya juu inayeyuka, maji yanateremka chinichini hadi upenuni, na upenuni hakuna joto, kwa hiyo yanaganda. Kesho yanaganda mengine juu ya yale. Mwisho pana ukuta wa barafu, na nyuma ya ukuta pana bwawa, na bwawa halina pa kwenda ila kurudi nyuma, chini ya vigae, hadi kwenye godoro lako.

"Msiisingizie baridi," huwaambia wenye nyumba. "Ni moto wenu wenyewe umetoroka."

Kisha huingia darini akaziba kila tundu linalopitisha joto, akafungua upenu ili hewa baridi ipite chini ya paa, na baada ya hapo humwamuru mwenye nyumba avute theluji ya futi sita za chini kwa reki ndefu kila inapoanguka. Kila inapoanguka, si kila unapojisikia.

Kazi hii hakuirithi wala hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa sababu alitaka kujua nini kilimuua mumewe.

Onni Ruona alikuwa mchimba shaba, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Mwezi Machi mwaka sitini na mbili alipanda paa la kanisa na shoka kukata barafu. Kanisa lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili, na fundi mkuu alikuwa Verner Hautala, mzee wa kanisa, fundi aliyesifiwa mpaka ng'ambo ya ghuba. Jengo jipya namna ile, na tayari lilikuwa likiota barafu nene kuliko nyumba zote za Pelkola. Pande moja la barafu likaachia na Onni akiwa juu yake. Hakufika hospitali.

Watu wakaanza kuulizana chini kwa chini: barafu ile, kwenye paa jipya, inatoka wapi? Siku ya tatu, kwenye kikao cha wazee, Verner akasimama. Akasema inamuuma kulitamka, lakini Onni alipopanda ngazi alikuwa akinuka pombe.

Enzi zile, kwenye kanisa letu, pombe ilikuwa haitajwi hata kwa utani. Swali la barafu likafa palepale. Onni akazikwa pembeni, kando ya uzio wa makaburi, pasipo wimbo hata mmoja, na Lempi, miaka thelathini na sita, akarudi kwenye nyumba yenye vikombe viwili mezani. Kila alipomtetea mumewe walimjibu kwa upole, upole ule unaouma kuliko kofi.

"Alitoka kwako saa moja, Lempi, akaanguka saa nne. Hapo katikati wewe ulikuwa naye?"

Miaka kumi baadaye, jina lake likiwa limeshaenea, wazee wa kanisa walimwita alitazame paa lile lile. Aliingia darini kwa tumbo, tochi mdomoni, akakuta upenu wote umeshindiliwa vumbi la mbao, lile linalomwagwa darini kuzuia joto lisipotee, na kupigiliwa vipande vya mbao juu yake. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata unywele. Hewa haikuwahi kupita humo tangu siku ya kwanza. Alizibua nafasi moja baada ya nyingine, wiki nzima, na barafu ya kanisa ikakoma. Watu walimshukuru. Yeye hakusema kitu.

Angesema nini? Verner angeinua mabega ajibu, "Siku zile nani alijua mambo ya hewa?" na angeaminiwa. Palibaki mahali pamoja tu pa kutazama, napo ni nyumba ya Verner mwenyewe, aliyoijenga kwa mkono wake miaka miwili kabla ya kanisa. Kama humo aliacha njia ya hewa, basi alijua. Na Verner, kwa miaka yote hiyo, hakumruhusu Lempi akanyage hata kizingiti chake.

Simu ililia kabla ya saa sita mchana.

"Amesema," alisema Doris.

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Haya, mwite huyo mwanamke.'"

"Huyo mwanamke ana jina."

Kukasikika minong'ono, halafu sauti ya kikongwe ikapasuka kutoka chumba cha pili: "Lempi! Lempi, Lempi, Lempi! Limetosha, au nikalitangaze redioni?"

"Limetosha," alisema Lempi, akafuata ngazi yake.

Alisimama kwanza barabarani kama kawaida yake. Upande wa mbele, theluji ilikuwa imelala vizuri. Upande wa nyuma, unaoonekana kutoka kwenye kona ya barabara, palikuwa na upara mpana kama meza ya watu wanane, na chini yake barafu imeshuka ukutani hadi karibu na dirisha. Upara ule haukuwa juu ya jiko wala bomba la moshi.

"Doris, hapo chini pana nini?"

"Sauna."

"Sauna iko kule bondeni, nyuma ya banda."

"Mume wangu aliihamishia ndani mwaka juzi. Baba hawezi tena kutembea kwenye theluji."

Lempi akacheka kwa pua. Watu wengine wa dunia hii hawawezi kufanya kosa hilo, hawana sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke wa moto. Ni sisi tu, ambao babu zetu walijua kuijenga mbali na nyumba, halafu tunaileta ndani, Jumamosi ikijaa mvuke tunashangaa paa linalia.

Verner alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, blanketi magotini, miaka themanini na minne, mikono bado mikubwa. Hawakuwa wamesemezana uso kwa uso tangu mazishi.

"Umezeeka," alisema Verner.

"Wewe umechelewa. Ngazi ya darini iko wapi?"

"Mkaribishe kahawa, Doris."

"Sitaki kahawa yako, Verner."

Doris akaganda na birika mkononi. Kumwita mzee jina tupu ni jambo moja, lakini kukataa kahawa ndani ya nyumba ya mtu, kwetu, ni sawa na kumtemea mate kizingitini. Verner akaonyesha kwa kidevu mlango wa darini.

Huko juu Lempi aliuona ugonjwa mara moja. Bomba la mvuke wa sauna lilikuwa limekomea darini badala ya kutoka nje. Misumari yote ya paa ilikuwa imevaa vinundu vyeupe vya barafu, na vumbi la mbao limelowa. Kazi ya siku mbili. Lakini hakuja kutazama bomba. Alitambaa hadi ukingoni, kwenye upenu, mgongo unamgusa misumari, akaelekeza tochi.

Kila nafasi ilikuwa wazi. Kati ya boriti na boriti palipigiliwa kibao chembamba, kimepigwa randa, kuzuia vumbi la mbao lisizibe, na juu ya kila kibao nafasi ya vidole viwili ya kupitisha hewa. Kazi safi, hata leo angeweza kumfundishia mtu. Na kwenye boriti ya pembeni, kwa penseli, kama mafundi wa zamani walivyozoea: V. Hautala, 1958.

Lempi alilala pale juu ya tumbo lake. Mtu huyu alijua. Alijua kabla ya kupigilia msumari wa kwanza wa kanisa.

Aliposhuka, nywele zimejaa vumbi, alisimama mbele ya kiti.

"Nimeona vibao vyako, Verner."

Mzee akatazama dirishani.

"Vizuri sana," aliendelea Lempi. "Vimepigwa randa. Nyumba yako iliipata hewa. Kanisa halikuipata."

"Ni mambo ya zamani."

"Kwangu ni ya leo asubuhi. Sikiliza. Barafu yako naweza kuiondoa na haitarudi. Dawa yake ninaijua na wewe unajua kwamba naijua. Jumapili, baada ya ibada, watu wakishuka chini kunywa kahawa, simama useme Onni alikuwa amekunywa nini. Ukisema, Jumatatu niko hapa na ngazi."

"Na nisiposema?"

"Lala na beseni."

"Mama Lempi," Doris alisema, "baba ni mgonjwa wa kifua."

"Na mume wangu ni mgonjwa wa nini, mwanangu? Uzio?"

Akachukua ngazi yake akaondoka. Njiani moyo ulimchangamka kuliko ulivyowahi kumchangamka kwa miaka, na hakuona aibu hata kidogo. Kuna watu watasema angemhurumia mzee. Watu hao hawakuzika mtu kando ya uzio.

Siku mbili zilizofuata kukaja joto kidogo, joto la uongo la Februari, na hilo ndilo linaloharibu nyumba. Doris akajaribu mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba Lempi hujaza soksi za kike za nailoni chumvi ya barabarani, ile inayomwagwa kuyeyusha barafu, akazilaza juu ya barafu kukata mfereji wa kupitisha maji. Doris hakuwa na za nailoni. Alichukua soksi ndefu za sufu za baba yake, sita, akazijaza chumvi ya jikoni, akazirusha juu ya paa. Sufu ikanywa maji ikaganda. Kufika mchana Pelkola nzima ilikuwa inapita taratibu na magari kutazama soksi za Verner Hautala zikining'inia upenuni, zimekakamaa kama samaki wa kukausha.

Mwenye duka alimpigia Lempi simu. "Lempi, umeziona? Mzee wa kanisa ameanika miguu!"

"Nimeziona," alisema Lempi. "Nimepita mara tatu."

Ijumaa kipande cha dari kikaanguka kitandani, kwa bahati Verner hakuwemo. Wakamhamishia sebuleni. Doris alipiga simu akilia. Lempi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole, mwanangu. Jumapili iko kesho kutwa," akaweka simu chini. Usiniulize kama alilala vizuri. Alilala fofofo.

Jumapili Verner alikuja na fimbo mbili, Doris upande mmoja na mkwewe upande mwingine. Ibada ikaisha, watu wakashuka chumba cha chini, vikombe vikaanza kugongana. Lempi alikaa meza ya katikati, mgongo wima, koti hajalivua.

"Nina neno," alisema Verner, na watu wakanyamaza, maana alikuwa hajasema neno mle kwa miaka kumi. "Ni juu ya Onni Ruona, marehemu. Onni alikuwa mtu mzuri. Alikuwa mchapakazi. Ndilo nililotaka kusema."

Akaanza kukaa.

"Sikukuuliza kama alikuwa mzuri," alisema Lempi kutoka mezani kwake. "Niliolewa naye, najua. Nimekuuliza alikunywa nini."

Mchungaji, kijana wa miaka thelathini, akainua mkono. "Dada Lempi, labda tumwache mzee apumzike..."

"Mchungaji, tulia. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Verner alibaki nusu amekaa nusu amesimama. Alitazama huku na huku, na hakuna aliyemwokoa. Hapo wote walikuwa wameshaweka vikombe chini.

"Kahawa," alisema.

"Wapi?"

"Kwangu. Alikuja saa moja na nusu kuazima ngazi ndefu. Akanywa kahawa, vikombe vitatu. Akala mkate wa iliki, mke wangu alikuwa ameutoa tanurini. Hapakuwa na pombe. Hapakuwa na pombe kabisa."

"Endelea."

"Si umesema niseme alikunywa nini? Nimesema!"

"Endelea, Verner. Lipo lingine, naliona kwenye shingo yako."

Alikuwa akibahatisha. Hakujua kama lipo. Lakini shingo ya mzee ilikuwa nyekundu toka kola hadi masikioni, na mtu aliyesema yote hawi na shingo vile.

"Alikuwa ameshaona, alipopanda darini kushusha ngazi," alisema Verner, sauti imekwisha. "Mezani kwangu aliniambia, 'Verner, kwako umeacha njia ya hewa, kanisani umeziba. Kwa nini?' Nikamwambia tulichelewa, askofu alikuwa anakuja kulizindua, vile vibao vinataka wiki tatu na kushindilia kunataka siku moja. Nikamwambia nitafungua kiangazi. Nikamwomba asiseme kwa watu. Akasema hatasema, ila barafu lazima ikatwe leo kabla haijaangukia watoto. Akachukua ngazi, akaenda."

Lempi hakulia. Miaka kumi alitambaa kwenye dari za watu kutafuta jambo ambalo Onni alikuwa ameliona kwa kupanda darini mara moja tu. Onni wake, mchimba shaba, darasa la tano. Alijua, na akanyamaza kwa sababu ameombwa, na huyu aliyemwomba akaja akamnywesha pombe akiwa ameshakufa. Fahari na hasira vilimpanda kwa pamoja hata asijue kipi ni kipi.

Mzee mmoja wa siku zile, aliyekuwepo kwenye kikao, akasimama kofia mkononi. "Lempi, hatukumwimbia. Tukitoka hapa twende kaburini tumwimbie."

"Mmechelewa," alisema Lempi. "Kaeni na wimbo wenu." Akafunga kifungo cha juu cha koti akapanda ngazi kutoka nje, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alikuwa kwa Verner kama alivyosema. Kazi aliifanya vizuri, maana hakujua kuifanya vingine. Alitoa bomba la mvuke nje ya ukuta, akaziba tundu zote za dari ya sauna, akaondoa vumbi la mbao lililolowa akaweka kavu. Zile soksi sita alizing'oa kwa patasi akazirusha chini bila kuzitazama, akalaza za nailoni zenye chumvi ya barabarani, na kufikia adhuhuri maji yakapata mfereji yakamiminika nje ya nyumba, meupe kwa povu. Siku ya pili alipanda na reki na koleo akashusha theluji yote ya upande wa nyuma, kuanzia juu.

Theluji ya paa huanguka ilipo, na upande ule ilikuwa inaanguka mbele ya dirisha la sebule, pale alipowekwa Verner na kitanda chake. Ikajaa hadi kizingiti cha dirisha, ikafika katikati ya kioo. Adabu ya kazi hii, kila mtu wa Pelkola anaijua: anayeshusha theluji husafisha madirisha kabla ya kuondoka. Lempi hajawahi kuacha dirisha la mtu. Verner akagonga kioo kutoka ndani, kwanza kwa kidole, kisha kwa fimbo. Uso wake ulionekana, kisha nusu ya uso, kisha nyusi. Lempi akashusha koleo jingine.

Alipomaliza alikwenda barabarani, mikono nyuma, akalitazama paa kwa muda mrefu. Hapakuwa na la kurekebisha. Akaanza kufunga ngazi kwenye kigari chake cha kuburuta.

Doris akatoka mlangoni, hajavaa hata koti. "Mama Lempi. Dirisha."

"Tulipatana paa."

"Atakaa gizani."

"Taa si mnayo?" Lempi akavuta kamba, akakaza fundo. "Akitaka kuona nje asubiri Aprili, theluji iyeyuke yenyewe. Aprili haina ugomvi na mtu."

Ndani fimbo iligonga kioo tena, mara mbili, sauti imefifia kwa theluji. Koleo la nyumba lilikuwa limeegemea ukutani, hatua tatu kutoka kwa Doris. Doris alilitazama. Alitazama lile rundo lililoziba dirisha la baba yake. Kisha akageuka akaenda kwenye banda kuchukua kuni.